Kitabu cha Mahudhurio

Wasomaji wengi wamekiona kitabu kile kirefu chenye mistari, ambacho mwalimu hukifungua kila asubuhi na kuita majina. Aliyepo hutiwa alama yake, asiyekuwapo hutiwa yake, kisha kitabu hufungwa. Ni kazi ya dakika chache, na watu huidhania kuwa ndogo. Sisi tumeifanya kazi ya namna hiyo karibu maisha yetu yote, kwanza katika shule ya kijiji, kisha katika chuo kikuu. Na twapenda kuwaeleza ndugu zetu tulilojifunza, kwa kuwa lilitugharimu.

Tulianza ualimu Rwamgasa, katika nchi ya Geita. Wasiopajua na wafahamu kwamba ni kijiji cha dhahabu. Mashimo ya wachimbaji wadogo, ambayo wenyewe huyaita maduara, hayako mbali na nyumba za watu. Karasha husaga mawe mchana kutwa, na zebaki hutumika kukamata dhahabu iliyomo katika unga wa mawe. Habari zikienea kwamba duara fulani limetoa dhahabu, shule hupungua watoto. Mvulana aweza kubeba mawe siku moja, akarudi nyumbani na fedha ya unga na mafuta. Ni nani wa kumlaumu sana mama aliyekosa unga?

Siku moja tulisikia kwamba mkaguzi yu njiani. Tuliona haya kumwonyesha darasa nusu tupu, basi tukatia alama ya kuwapo mbele ya majina yote. Hatukulazimishwa na mtu; kalamu ilikuwa mkononi mwetu. Mkaguzi hakuja. Akaja mama mmoja, anatweta, akasimama mlangoni.

“Mwalimu, mwanangu yupo? Wanasema duara limetitia.”

Tulitazama kitabu kabla ya kutazama madawati. “Yupo, mama,” tukamjibu.

Akamshukuru Mungu, akageuka kwenda zake. Alikuwa amekwisha fika kwenye mwembe tulipoinua macho, tukaona mahali pa mtoto pako wazi. Tukamkimbilia, tukamwambia kweli. Mtoto alitolewa jioni, yu hai, mguu umevunjika. Mama yule hakutulaumu hata kwa neno moja. Kila alipokutana nasi alitusalimu kwa heshima ile ile ya zamani, na salamu yake ilitulemea kuliko matusi.

Miaka ikapita, tukajaliwa kusoma zaidi, hata tukaajiriwa katika ofisi ya mipango ya chuo kikuu kimoja. Wengi hawajui kazi ya ofisi kama hiyo. Si kufundisha, wala si kutunza fedha. Ni kuhesabu, na kuuliza sababu: walioingia ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, walioacha waliacha kwa nini, mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, vitabu vyatosha au havitoshi. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Mkuu wa chuo aliweza kumjua kila mmoja kwa sura. Siku hizi vyuo ni vingi, hata huku kwetu kwenye ziwa kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Mwanza, kilichoanzishwa na maaskofu mwaka 1998. Na tangu mwaka 2005 iko Tume ya Vyuo Vikuu ya kuvisimamia vyote. Wanafunzi wakiwa maelfu, mkuu hawezi kuwajua kwa sura. Huwajua kwa hesabu anazoletewa, na hesabu ikimdanganya, ni kama sisi siku ile: hujibu “Yupo, mama,” na kumbe hayupo.

Mwaka mmoja tuliandika taarifa ya waliomaliza masomo. Mkubwa mmoja akatuita, akatuambia kwa upole tuwafute walioacha, tusiwahesabu kabisa. “Si uongo,” akasema, “ni kupanga tu.” Na wasomaji watazame hila yake. Tuseme wameingia 100, wameacha 30, wamemaliza 60, na 10 wangali wanasoma. Kweli ni kwamba katika kila 100 wamemaliza 60. Lakini ukiwafuta wale 30, waliobaki ni 70, na 60 katika 70 ni karibu 86 kwa kila 100. Chuo kimesifiwa, wala hakuna aliyefundisha vizuri zaidi. Ila wale 30 wamekuwa kama watu wasiozaliwa.

Tulimkumbuka mama wa mlangoni, tukakataa. Tulikuwa na hofu, hatufichi. Tulikuwa na watoto wa kusomesha. Taarifa ilikwenda kama ilivyokuwa, nasi tukakaa katika cheo kile kile miaka mingi, huku wenzetu wakipanda. Lakini barazani mzee mmoja aliuliza, “Hao walioacha wako wapi?” Hilo ndilo swali tulilotaka liulizwe. Jibu lilikuwamo katika karatasi zetu: wengi walishindwa ada.

Hapo tukafahamu pia kwamba mtu mmoja huchoka kukataa. Ndiyo sababu ya vyama vya kazi. Mwaka 1922, kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali; walimu wa Tanzania wana chama chao tangu mwaka 1993; na watu wa kazi yetu katika nchi za kusini mwa Afrika waliunda chao mwaka 1994. Sisi nasi tulijiunga na wenzetu, tukachaguliwa kuwa katibu, baadaye mwenyekiti. Uongozi huo haukuwa na fahari: kukusanya ada, kuandika kumbukumbu, kupatanisha waliogombana. Lakini tuliandika kanuni moja, kwamba aliyeingia asifutwe. Sasa kijana akiambiwa afute, hujibu, “Samahani, mzee, kanuni ya chama hairuhusu.” Sisi tulisimama peke yetu, yeye amesimama na wenzake.

Muda wetu ulipokwisha, wengine walitusihi tuendelee, na moyo ulitushawishi. Tuliona ni heri kukabidhi daftari na fedha mbele ya mkutano, zikahesabiwa hadharani.

Ndugu zetu walimu, makatibu wa ushirika, na wazee wa kanisa mshikao daftari la sadaka, msiidharau alama ndogo mnayoitia. Yule mchungaji wa Injili mwenye kondoo mia alijuaje kwamba mmoja amepotea? Alihesabu, na hesabu yake ilikuwa ya kweli. Kama angaliandika mia ili asione haya, angalilala usingizi, na kondoo yule angalikufa porini.