Jumba la Makochi

Msomaji, usinicheke. Nilipoambiwa kwamba Lisbon kuna makumbusho yaitwayo Museu Nacional dos Coches, mimi nilidhani ni ya makochi. Makochi haya haya ya sebuleni, yenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Nikajisemea, hawa Wareno ndio waliotuachia meza, leso, bendera na kasha, basi huenda na kochi ni lao, wacha nikamwone babu yake. Kumbe coche kwao ni gari la kukokotwa na farasi, tena gari la wafalme, na viti vilivyomo ndani huruhusiwi hata kuvigusa.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nafanya kazi katika meli ya watalii, kutandika vitanda na kusugua vyoo, kazi ambayo vijana wengi wa Mombasa wa rika langu ama wameifanya ama wameitafuta wakaikosa. Meli ilifunga gati asubuhi, tukapewa saa sita za kutembea. Wenzangu wakaenda kutafuta viatu vya bei rahisi. Mimi niliposikia kwamba si makochi bali ni magari, tena ya magurudumu ya mbao, nikasema hapo ndipo pangu. Nilitaka kitu cha kumsimulia Baba, na anayemjua Baba anajua kwamba yeye humsimulii viatu.

Baba alikuwa hamali. Naliandika neno hili wazi kwa sababu nilikaa miaka mingi bila kulitamka. Alivuta mkokoteni kutoka soko la Kongowea, akavuka Daraja la Nyali, akapanda nao kuja kisiwani mpaka Marikiti, gunia la viazi juu ya gunia la viazi, tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yalipomkataa. Mkokoteni wenyewe aliuunda kwa mkono wake: mhimili wa gari kuukuu, tairi mbili, mbao za kuokota, na nyuma kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Hicho kipande ndicho breki. Ukitaka kusimama unainua mikono ya mkokoteni juu, nyuma inashuka na kuburura lami. Alijua kusikiliza gurudumu kama fundi saa anavyosikiliza saa. Akiwa kitandani usiku, mkokoteni wa mtu ukipita barabarani, alikuwa akisema, "Huyo hajatia grisi tangu Ramadhani."

Nilitembea kutoka bandarini hadi kwenye uwanja mkubwa uliofunguka upande wa mto Tejo. Ramani ziliuita Praça do Comércio, lakini wenyeji wengi bado huuita kwa jina la zamani, Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri. Hapo nikangojea tramu namba 15, nikatafuna mkate wangu, nikapiga picha sanamu ya mfalme juu ya farasi. Uwanja huo nitaurudia, maana siku hiyo niliukanyaga bila kujua naukanyaga wapi.

Tramu ikanishusha Belém. Jengo la makumbusho ni jipya, jeupe, limesimama juu ya nguzo kama kontena kubwa lililosahauliwa na winchi. Lilichorwa na Mbrazili, Paulo Mendes da Rocha, likafunguliwa mwaka 2015. Zamani magari yalikaa karibu na hapo, katika ukumbi ambamo jamaa za mfalme walijifunzia kupanda farasi, na aliyeyakusanya na kuyafanyia makumbusho mwaka 1905 alikuwa malkia, Dona Amélia. Alikuwa ameona mapema kwamba siku za farasi zinakwisha. Siku za malkia nazo zilikuwa zinakwisha, lakini hilo sijui kama aliliona.

Nilitegemea magari mawili matatu. Nilipopanda juu nikakuta yamepangwa safu, mojamoja kubwa kama chumba tulichopanga sisi watu sita kule Kisauni, na lina milango, madirisha, mapazia. Nilisimama nikasahau hata kufunga mdomo.

La kwanza halikunitisha. Ni jeusi, la ngozi, halina makeke kwa nje. Ndilo kongwe kuliko yote humo, la mfalme Filipe wa Pili wa Ureno, aliyetawala na Uhispania pia, naye alikuja nalo Ureno mwaka 1619. Nikapiga hesabu. Baba yake Filipe huyu ndiye aliyekuwa mfalme Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kwetu, mwaka 1593. Ngome ambayo sisi watoto tulirukia baharini pembeni mwake, leo nimesimama mbele ya gari la mwana wa mwenyewe! Nilijihisi kama mtu aliyefika kwa mwenye nyumba kudai kodi iliyolipwa mara mbili.

Basi nikaanza kuyaangalia kwa macho ya Baba, maana yangu yalikuwa hayatoshi. Nikachutama chini. Mlinzi mmoja, mwanamke mtu mzima, akanikazia macho, akaona sigusi, akaniacha. Gurudumu la mbele ni dogo, la nyuma ni kubwa. Ndiyo, kwa sababu la mbele lazima lipate nafasi ya kugeuka bila kugonga mwili wa gari, la nyuma halihitaji kugeuka, basi likikua ndivyo linavyopita mashimo kwa urahisi. Na ule mwili wa gari, wenye watu ndani, katika magari ya zamani haukukaa juu ya mihimili. Umening'inizwa kwa mikanda minene ya ngozi, mbele na nyuma, unabembea kama kitanda cha mtoto. Spring za chuma zilikuja baadaye. Kwenye kibao kimoja nikaona neno roda, nikalitambua papo hapo. Mabaharia wetu huita roda ile kapi ya kuvutia kamba ya tanga. Kwa Mreno roda ni gurudumu. Wallahi nilifurahi kama niliyeokota pesa.

Halafu nikafika kwenye yale matatu.

Mwaka 1716 mfalme João wa Tano alimtuma balozi wake, Marquês de Fontes, kwa Papa Clement wa Kumi na Moja. Balozi akaingia kwa Papa na msafara wa magari yaliyotengenezwa huko huko Roma, na matatu makubwa yamebaki mpaka leo. Hayo si magari, ni majigambo yaliyowekewa magurudumu. Kila mahali ni dhahabu, na utajiri uliolipia makeke ya mfalme huyu ulitoka Brazil, kwenye machimbo ambako waliochimba ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Nyuma ya kila gari pamesimama masanamu ya mbao yaliyopakwa dhahabu, makubwa kama watu. Hayakuwekwa kwa ajili ya aliyepanda, maana yeye hayaoni. Yamewekwa kwa ajili ya watu waliosimama barabarani wakati gari limeshawapita.

Moja linaitwa Gari la Bahari. Nyuma yake, chini ya masanamu mengine, wamekaa wazee wawili wenye ndevu, wameshikana mikono. Mmoja ni Bahari ya Atlantiki. Wa pili ni Bahari ya Hindi. Maana yake ni kwamba Wareno walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema waliwakutanisha wazee hawa wawili, wakapeana mkono.

Nikamtazama huyu mzee wa pili muda mrefu. Bahari yetu! Bahari niliyojifunza kuogelea, iliyomchukua mjomba wangu na ngalawa yake, leo imegeuzwa mzee wa Kizungu, imepakwa dhahabu, inatoa mkono. Sikumbuki kwetu kama kuna aliyetoa mkono kwa hiari namna ile. Jambo lililonichekesha, na nilicheka kwa sauti, ni tarehe. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waarabu wa Oman mwezi Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Yaani fundi wa Roma alipokuwa akimchonga mzee huyu mpole, Mombasa ilikuwa imeshawatoka miaka 18. Walirudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakafukuzwa tena. Msumbiji na Goa walibaki nazo, sikatai, lakini kwa upande wetu wa pwani gari lile lilikuwa likitembeza sifa ambazo zimeshakwisha.

Kicheko kikanikauka kwenye gari la jirani. Hilo linaonyesha mji wa Lisbon ukivishwa taji. Miguuni pake liko joka la ukoo wa mfalme, linavunja hilali, na pamoja nalo wako watumwa wawili, mmoja ni Afrika, mwingine ni Asia. Mwili wa mtumwa umechongwa kwa ustadi mkubwa. Misuli yote ipo. Nilipoiangalia nikaijua, maana nimeiona kwenye mwili wa mtu mwingine, na hapo ndipo lilipokuja lile jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nimelikalia.

Nilikuwa darasa la saba. Tulikuwa watoto wanne tunatoka shule, tumefika karibu na Buxton, na hamali mmoja alikuwa anapanda kutoka darajani na shehena kubwa, shati limechanika mgongoni, shingo imetoka mishipa. Wenzangu wakaanza kumcheka jinsi alivyoinama. Mara hamali akainua uso, akaniona, akaita kwa jina langu, "Njoo mwanangu, sukuma kidogo!" Mimi nikageukia ukuta wa duka, nikasoma tangazo la sabuni kama linalotoka kwenye mtihani. Mmoja akauliza, "Yule anamwita nani?" Nikasema, "Sijui."

Jioni Baba aliniuliza habari za hesabu zangu, kama kawaida. Hakusema neno. Ila tangu siku hiyo hakuniita tena njiani. Tukikutana barabarani anatazama mbele, ananipita, kana kwamba tulikubaliana.

Nikaondoka kwenye dhahabu. Nilikipita chombo kimoja ambacho watu wengi walikuwa wanakipita pia: kiti chenye kuta na dirisha dogo, hakina gurudumu hata moja, kina miti miwili mirefu tu. Hicho kilibebwa na watu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilikikalia kitako pembeni, kwenye sakafu, mpaka yule mlinzi akanionyesha kwa kidole kwamba niinuke.

Mwisho niliona landau, gari jepesi la wazi, la karne ya juzi kuja ya jana, lenye viti vinavyotazamana na paa linalokunjwa. Rangi ya kawaida. Lina matundu ya risasi. Tarehe 1 Februari 1908 mfalme Carlos alitoka safarini na mkewe na mwanawe mkubwa, wakashuka kivukoni, wakapanda landau hilo pamoja na mwanawe mdogo hali paa limekunjwa ili watu wawaone. Walipokuwa Terreiro do Paço wakapigwa risasi. Mfalme akafa, mwanawe mkubwa Luís Filipe akafa, mdogo akajeruhiwa mkono. Malkia alisimama garini akawapiga wauaji kwa shada la maua, maana ndilo alilokuwa nalo mkononi. Malkia huyo ni Dona Amélia, yule yule aliyeanzisha makumbusho. Na Terreiro do Paço ndipo nilipotafunia mkate wangu asubuhi. Mwaka 1910 ufalme wote ukaondoka.

Nilitoka nikaenda kukaa ukingoni mwa mto, nikampigia Baba simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Ureno. Nimetoka kuangalia mikokoteni ya wafalme."

Akacheka, kisha maswali yakaanza kunyesha. Mbao gani? Mhimili wa mti au wa chuma? Breki iko wapi? Mteremkoni farasi wanashika vipi? Nikamwambia habari za mikanda ya ngozi, akanyamaza, nikajua anaiona. Akasema, "Hao walikuwa na akili. Viazi vyangu vingi vilipondeka kwa kukosa kitu kama hicho."

Salio lilikuwa linaisha. Nikasema kwa haraka, bila kupanga, "Baba, siku ile pale Buxton, nilikusikia ulivyoniita."

Kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Nilijua ulinisikia," akasema. "Lakini sikiza. Hata ungeniitikia nisingesimama. Pale ni mlimani. Ukisimama na gunia kumi huondoki tena, mkokoteni unakurudisha mpaka baharini."

"Ulitaka nisukume."

"Nilitaka usukume, ndiyo." Akakohoa. "Hebu niambie, hayo magurudumu ya mbele umesema ni madogo. Madogo kiasi gani? Yananifika kiunoni?"

Nikasimama, nikajipima kwa kiganja hapo ukingoni, watu wakinitazama. "Yanakufika juu ya goti," nikamwambia.

"Na ya nyuma?"