Walimu wa Kriketi wa Kujitolea

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba hodari wa kucheza kriketi ndiye ajuaye kuifundisha. Sivyo. Kule Laikipia, vijana wa Kimaasai wachezao wakiwa wamevaa shuka na ushanga wamewafundisha watoto wa shule mchezo huo, na papo hapo kuwaonya juu ya ukeketaji. Kazi hiyo yataka subira kuliko shabaha.

Nami, niliyefunzwa ualimu chuoni, nasema mwalimu wa kujitolea hafunzwi kwa hotuba. Mpe watoto sita na mpira mmoja, umtazame kwa mbali; kisha muulize kila mtoto ameweza nini.

Asiache kuhesabu mirusho. Mirusho sita ni zamu moja. Kijana arushaye kwa kasi zamu nyingi mno, siku baada ya siku, mfupa wa mgongo wake waweza kupata ufa. Mkabidhi daftari na kalamu siku ya kwanza.