Habari Kwanza, Mwalimu

Mwaka 2004 nilipangiwa kufundisha Kakesio. Nilikuwa kijana wa Kizigua kutoka Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi. Kutoka Karatu gari lilipita lango la Loduare, likapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, likateremka hadi Endulen, kisha likashika njia ya kusini-magharibi. Watalii wengi wa Ngorongoro hawafiki huko. Kakesio iko pembezoni mwa hifadhi. Mbele yake ni Pori la Akiba la Maswa, na upande mwingine ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Eyasi. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapelekwa kukaa katika boma la mzee mmoja wa Kimasai.

Kilichonigusa kwanza ni vichwa vya watoto. Walikuja mmoja mmoja, wakainama mbele yangu, wakangoja niwaguse utosini. Kwetu mtoto anaweza kukuamkia huku anapita mbio. Hawa walisimama na kusubiri. Nilijiona nimepewa heshima ya mtu mzima kabla sijafanya lolote la kuistahili.

Kisha yakaja maziwa. Mama mwenye nyumba, niliyemwita Yeyo kama walivyomwita watoto wake, aliyamimina kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa ndani kwa kijinga cha mzeituni pori. Yalinukia moshi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na yeye ndiye aliyeamua nani akae wapi humo ndani. Alinionyesha pa kulala, akanirundikia ngozi, akarudi motoni.

Nilipotaka kumweleza mzee kazi iliyonileta, alinizuia.

"Habari kwanza, mwalimu. Huko ulikopita, mvua imefika wapi?"

Nikamweleza niliyoyaona njiani. Akaitikia kila sentensi kwa sauti ya chini, asinikatize. Akauliza juu ya majani, maji, na kama nimesikia ugonjwa wa mifugo popote. Nilipomaliza ndipo naye akaanza zake: nani amefariki, nani amejifungua, kundi gani limehamishiwa wapi. Shule tuliizungumzia mwisho kabisa.

Kwa muda nilidhani ni adabu tu. Kukaa kwangu pale kulinifunza zaidi. Kila mwaka, mnamo Januari hadi Machi, nyumbu huzaa kwenye mbuga za majani mafupi kuelekea Ndutu, nao hubeba kirusi kisichowadhuru wao lakini kinachoua ng'ombe. Mfugaji anayechelewa kujua nyumbu wamefika wapi anaweza kupoteza kundi. Mvua nayo hunyesha kwa mabaka: bonde hili limelowa, la pili ni vumbi. Kwa hiyo mgeni aliyetoka mbali alikuwa amebeba kitu ambacho mwenyeji hawezi kukinunua. Mgeni njoo mwenyeji apone: methali niliyoisikia tangu utotoni, Kakesio niliiona ikifanya kazi.

Mzee naye alijua ugeni. Ujana wake aliuishi Moru, ndani ya Serengeti, mpaka makubaliano ya mwaka 1958 yalipowatoa Wamasai huko. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Alinisimulia habari za kuhama kwa utaratibu uleule: mvua, majani, maji, kisha watu.

Nilihamishiwa kituo kingine, lakini niliendelea kwenda kuwasalimia, na kila safari nilikuta jambo limebadilika. Nilipokuwa nikiishi pale, Yeyo alikuwa na kibustani cha mahindi na maharage kando ya boma, kwa kuwa kilimo, kilichopigwa marufuku mwaka 1975, kilikuwa kimeruhusiwa tena mwaka 1992. Mwaka 2009 kikazuiwa upya, na mwaka huohuo ukame mkali ukaua ng'ombe wengi kaskazini mwa Tanzania. Nilipokwenda baadaye nilipewa chai yenye maziwa kidogo, safari nyingine chai ya rangi. Ugali ulikuwa wa unga wa kununua, na ili kuununua mbuzi alikuwa ameuzwa. Yeyo hakunieleza hayo. Niliyajua kwa kuangalia vibuyu vilivyoning'inia vikavu.

Simu za mkononi nazo zikaingia. Vijana walipanda kilimani kutafuta mtandao, na habari za mvua zikaanza kumfikia mzee kabla yangu. Hata hivyo aliniuliza vilevile, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikaelewa kwamba kusikiliza kwake hakukuwa kwa ajili ya mvua peke yake. Ndivyo alivyompa mtu nafasi nyumbani kwake.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, wakazi waliojiandikisha kuondoka Ngorongoro. Wengine walikataa kuondoka, na jambo hilo liligawa familia. Katika boma lile wapo waliobaki na wapo walioondoka. Walioondoka wamefika mkoa wangu, wilaya yangu. Msomera hapakuwa patupu. Palikuwa na wenyeji wenye mashamba na mifugo yao, na migogoro ya ardhi imetokea.

Sina mamlaka ya kugawa ardhi wala kuamua nani alipaswa kuhama. Lakini nimelala katika nyumba zao, nimekunywa maziwa yao yalipokuwa mengi na chai yao yalipopungua. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Handeni: anayefika kutoka Kakesio apewe kiti, apewe maji, aulizwe mvua ilinyesha wapi huko alikopita, na asikilizwe mpaka amalize. Mipaka ya mashamba na malisho ni lazima izungumzwe, na itazungumzwa. Izungumzwe baada ya habari.