Tafakari ya Juma: Rili ya Kijana na Mabati ya Mama



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie chombo ambacho wengi wetu hapa Mahongole hatujawahi kukishika mkononi. Sisi ni watu wa mahindi, maharage, viazi na mbao. Samaki tunaowafahamu ni perege wa mabwawa yetu na dagaa wanaotufikia kwa magunia. Hata hivyo, swali lililoletwa kwetu baada ya Misa ya Dominika iliyopita lilikuwa la uvuvi, na kadiri tulivyolitafakari ndivyo tulivyoona kuwa linawahusu hata wale ambao hawatavua maisha yao yote.

Kijana mmoja wa kigango chetu amefanya kazi misimu miwili katika kambi ya uvuvi wa kitalii huko chini, katika bonde la Kilombero. Waliokwenda Njombe mjini wanaufahamu mto Ruhuji unaopita kando ya mji. Maji yale yale huteremka hadi bondeni, yakakutana na ya Mnyera na ya mito mingine, yakawa mto Kilombero, kisha Rufiji, mpaka Bahari ya Hindi. Huko chini, ambako maji yamepata joto, anaishi samaki ambaye sisi wa nyanda za juu hatumwoni: mwenye meno kama misumari na mwili wa fedha. Wataalamu humwita Hydrocynus tanzaniae, na ni mwaka 1986 tu alipotambuliwa rasmi kuwa ni aina ya pekee. Wageni wamempa jina la mnyama simbamarara, kwa ukali wake. Huvuka bahari kuja kumvua kwa mshipi, wakampiga picha, kisha wakamwachia aende zake. Mama wa kijana alipoelezwa habari hiyo aliuliza kama wageni hao wamewahi kulala na njaa. Ni swali zuri, nasi tunaliweka kiporo kidogo.

Kazi ya kijana ni kuendesha boti. Ameambiwa kwamba msimu ujao, anayejua kurusha chambo yeye mwenyewe, na mwenye chombo chake, anaweza kupandishwa kuwa kiongozi wa wageni, kazi yenye mshahara bora zaidi. Amerudi nyumbani na akiba. Lakini nyumba ya mama yake imesimama kuta tu, mabati bado. Jambo hili lilipofika kwenye jumuiya, mzee mmoja alisema waziwazi: “Mwanangu, mtu hanunui mchezo wakati mama yake hana paa.” Wengi waliitikia. Ndipo kijana alipotujia: “Baba Padre, je, ni dhambi kununua rili nzuri?”

Tulimjibu kwamba kabla ya kusema lolote tungependa kwanza kujua rili nzuri ni ipi. Tumejifunza mengi kutoka kwake na kutoka katika kusoma kwetu, na tunayaandika hapa kwa sababu tunaamini uamuzi wa haki hauwezi kutolewa juu ya kitu tusichokijua.

Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia ili kuhifadhi mshipi, kuutoa na kuuvuta. Ziko za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazotumika zaidi katika uvuvi wa chambo bandia. Katika ile ya kwanza bobini haizunguki wakati wa kurusha; mshipi hujipukutisha pembeni mwake. Hiyo hata mtoto hujifunza kwa siku moja. Katika ya pili, ambayo ndiyo anayoitaka kijana wetu, bobini hulala kukingama juu ya ufito na huzunguka yenyewe chambo kinaporuka. Ina nguvu, hustahimili mshipi mnene, na mvuvi aliyeizoea huweza kukiangusha chambo palepale anapotaka, chini ya mti ulioinamia maji, kwa kugusa bobini kwa kidole gumba. Lakini ina hila yake. Chambo kinapopunguza mwendo hewani, bobini haina habari. Inaendelea kumwaga mshipi, na kufumba na kufumbua mvuvi ana kiota cha ndege mkononi. Kijana anasema amewahi kumwona mgeni akikata mita nyingi za mshipi mpya kwa kisu, huku samaki wakiruka mbele yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazamwa katika rili ya namna hii ni breki. Baadhi huwa na vijiwe vidogo ambavyo mzunguko huvisukuma nje vikasugua ukuta. Nyingine hutumia sumaku, ambayo huzuia bobini bila hata kuigusa. Nyingine zina vyote viwili. Zaidi ya hayo pana kitufe cha kukaza ekseli ya bobini. Jaribio lake ni jepesi, na linaweza kufanyika mbele ya muuzaji: funga kitu chenye uzito wa chambo, bonyeza kifungulio, uache kishuke. Kishuke polepole, na kikigusa sakafu bobini isimame. Ukikaza kitufe na kulegeza usione tofauti yoyote, irudishe rili hiyo mezani kwa adabu. Hata hivyo hakuna breki inayochukua nafasi ya kidole gumba. Breki humsaidia anayejifunza. Anayejua huilegeza siku hadi siku.

Tuseme ukweli: hapa ndipo sisi tulipovutwa. Tulidhani ubora wa chombo cha kurushia ungepimwa kwa umbali kinakofika. Kumbe hupimwa kwanza kwa namna kinavyojizuia. Mwenye kutaka kufika mbali huanza na kiasi, na mababa wa jangwani wasingeshangazwa na habari hiyo.

Jambo la pili ni breki nyingine, ile ya ndani, inayomruhusu samaki kuvuta mshipi kabla haujakatika. Wavuvi huirekebisha ianze kuteleza katika robo au theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 20, yaani kilo 5 au 6 hivi. Kiasi hicho si siri. Kilicho adimu ni ulaini. Vuta mshipi kwa mkono taratibu: ukitoka kwa kushtuka-shtuka, kama gari lenye klachi mbovu, basi samaki yule wa meno, anayeshambulia kwa kishindo na kuruka juu ya maji, ataukata. (Kwa ajili ya meno hayo hayo, kipande cha waya ni lazima kabla ya chambo, rili ya bei yoyote haiwezi kuokoa mshipi mtupu.)

Gia hatutazieleza kwa urefu. Rili iliyoandikwa 6.3:1 huzungusha bobini mara 6 na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Zinazozidi 7 huvuta haraka lakini humchosha mvutaji, sawasawa na baiskeli iliyowekwa gia ya tambarare na kupandishwa vilima vya Njombe. Kilicho muhimu zaidi ni madini: gia za shaba nyeupe huishi miaka, na zile za chuma laini huliwa meno zikiwa bado na harufu ya duka. Na beringi! Wauzaji huandika idadi kubwa juu ya boksi, 12 au 13, kana kwamba wanauza kwa debe. Beringi 5 safi, zisizoshika kutu, ni bora kuliko 13 za kujazia. Mwisho, mkono wa kuzungushia katika rili za namna hii hauhamishiki. Hutengenezwa wa kulia au wa kushoto. Kijana wetu hutumia mkono wa kushoto, na pengine hilo ndilo lililomwokoa asinunue kwa pupa ile ya kwanza aliyoiona.

Tumefurahi kugundua kwamba chombo hiki kilizaliwa mikononi mwa watengeneza saa. Mapema katika karne ya 19, huko Kentucky, Marekani, mtengeneza saa aitwaye George Snyder ndiye anayetajwa kuunda rili za kwanza za huko zenye gia za kuzidisha mzunguko. Kule Svängsta, Uswidi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1921 kwa ajili ya saa, na baadaye mita za teksi, kiligeukia rili wakati Vita Kuu ya Pili ilipozikosesha teksi mafuta. Rili zao za miaka ya 1950, aina ya Ambassadeur, bado zinavuliwa leo na wajukuu wa walionunua. Zilitengenezwa zifunguliwe, zisafishwe na kufungwa tena. Hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote: je, inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na je, kipuri chake kinapatikana?

Sasa turudi kwa mzee wa jumuiya. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Yeye mwenyewe ni mtu wa mbao, na anajua kwamba chensoo hafifu humla mwenyewe kwa petroli, kwa minyororo na kwa siku zinazopotea porini. Hakuna aliyemwambia ameichezea fedha alipoinunua iliyo imara. Rili mkononi mwa kijana huyu haina tofauti na chensoo ile. Katika Injili wana wa Zebedayo waliitwa wakiwa wanatengeneza nyavu zao, na Yohane, anaposimulia samaki 153, hakuona ni jambo dogo kutuarifu kwamba wavu haukupasuka. Wavu ule ulikuwa umegharimu fedha ya mtu fulani na jioni nyingi za kushona. Na ndoana inapotajwa mara moja tu, Petro anapotumwa ziwani, samaki alikuja na sarafu ya kulipia kodi. Bwana hakuona haya kuunganisha uvuvi na madeni ya nyumbani.

Lakini mzee ana haki katika jambo moja. Paa la mama si sadaka inayoweza kungoja bila kikomo. Ndiyo maana tulimshauri kijana asinunue rili bora kuliko zote. Anunue ile iliyo njema ya kutosha. Rili za kunakili huuzwa hata chini ya dola 30, nazo tumekwisha kuzisema. Za watengenezaji wanaojulikana, zenye breki laini na gia za kuaminika, huanzia karibu dola 100 za Marekani. Zinazofikia 400 na zaidi huongeza wepesi na mng’ao, vitu ambavyo samaki havioni. Akisimama pale kati, hubaki fedha ya kuezeka angalau upande mmoja wa nyumba kabla ya masika, na mshahara mpya utafuata upande wa pili. Asipopandishwa kazi, amebaki na chombo kinachouzika. Mama aelezwe hesabu hiyo yote kabla, wala asiletewe habari baada ya fedha kutoka.

Na kile kiporo? Samaki aliyeliwa hulisha nyumba moja usiku mmoja. Yule aliyeachiwa akiwa mzima humleta mgeni mwingine mwakani, na mgeni huleta mshahara. Haya hayawadharau wavuvi wa bondeni wanaovua kwa ajili ya sufuria, nao wana haki yao kadiri ya sheria. Tunachokikataa ni utupa unaomwagwa mtoni, na chandarua cha mbu kinachozoa hata vifaranga; Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imekataza sumu, na dhamiri ilikataza kabla yake. Kijana naye ahakikishe leseni yake, kwa kuwa sehemu za bonde lile zimo katika hifadhi.

Jumatano alikuja na rili aliyoazimwa, tukaenda pamoja hadi uwanja wa mpira nyuma ya kanisa. Badala ya ndoana alifunga nati ya baiskeli, na watoto wa Komunyo ya Kwanza wakaifuata kila ilipoangukia. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alisimama pembeni akiwa na futi yake shingoni. Baada ya kiota cha tatu aliichukua rili, akakaza kitufe kidogo, akavuta mshipi kwa vidole viwili kama anavyopima uzi wake, akaukaza tena kidogo. Kisha akazungusha mkono taratibu, akiwa ameiegemeza sikioni.

“Hii inalia,” akasema. “Ina kiu. Nyumbani mafuta ya cherehani yapo.”

Tuonane Dominika.