Kompyuta Iliyo Chini ya Meza

Najua nimewapotea kwa muda, na wengine wenu lazima mlidhani nimeacha kuandika. La hasha. Nilikuwa nachora. Ndiyo, kuchora, mimi ambaye shuleni nikichora ng'ombe mwalimu alidhani ni meza. Kwa miezi mitatu kazi yangu haikuwa kuandika programu bali kupanga visanduku na mishale, na leo nataka kuwasimulia ilivyokuwa, kwa sababu imenifunza kuhusu kazi hii yetu mambo ambayo sikuyapata katika miaka minne ya shahada ya sayansi ya kompyuta.

Nianze na kisa chenyewe. Nimeajiriwa na kampuni inayosambaza bidhaa za madukani: unga, sabuni, mafuta ya kupikia. Ofisi kuu iko Nairobi, na tuna maghala Mombasa, Kisumu na Eldoret. Idara yetu ya teknolojia ina watu watano tu. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, simu zilianza kulia. Wenye maduka walikuwa wamelipa kwa M-Pesa na ujumbe wa kuthibitisha wanao mkononi, lakini mfumo wetu wa mauzo ulishikilia kwamba hawajalipa. Malipo yasipoonekana, lori halitoki getini. Kufikia adhuhuri kulikuwa na malori 14 uani, madereva wamelala chini ya vivuli vyake, na meneja wa mauzo anapita mlangoni mwetu kila baada ya dakika tano kama askari wa zamu.

Tulikagua kila tulichokijua. Seva zilikuwa hai. Intaneti ilikuwepo. Taarifa za malipo zilikuwa zimefika salama kwenye seva yetu ya nje, na zilikuwa zimekaa pale pale. Kulikuwa na kitu fulani ambacho kazi yake ni kuzitoa pale na kuzipeleka kwenye mfumo wa uhasibu, na kati yetu wanne tuliokuwepo hakuna aliyejua kitu hicho kiko wapi. Aliyejua ni mmoja tu, fundi wetu mkongwe, na siku hiyo alikuwa mazishini kijijini kwao, mahali ambapo ukitaka mtandao wa simu sharti upande kilima.

Alipiga saa tisa alasiri. "Kijana wangu, ile kompyuta iliyo chini ya meza ya stoo, inawaka?"

Nilishuka ngazi mbio. Mafundi wa rangi walikuwa wamesogeza meza asubuhi ile na kuchomoa waya. Juu ya ile kompyuta, chini ya vumbi, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: USIZIME. Nikaiwasha. Dakika kumi baadaye lori la kwanza lilitoka getini. Saa sita nzima za biashara zilikuwa zimepotea kwa sababu ya waya mmoja.

Jumatatu mkurugenzi aliniita. "Nataka nijue kila kitu cha teknolojia tulicho nacho." Kazi ilinifikia mimi kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote, na kwetu mdogo ndiye hutumwa.

Nilianza kama ambavyo wengi wenu mngeanza: nilifungua Excel. Baada ya wiki mbili nilikuwa na mistari 212. Kompyuta, printa, leseni, laini za intaneti, kila kimoja na nambari yake. Nilijisikia mtu. Halafu nikajiuliza swali moja: orodha hii ningekuwa nayo Ijumaa ile, ingenisaidia? Nikaitafuta ile kompyuta. Mstari wa 137: "Kompyuta ya mezani, stoo, 1." Mstari wa 138 ulikuwa vivyo hivyo, na ya 138 kazi yake ni kuchapisha karatasi za kupokelea mizigo tu. Orodha yangu ilijua tulicho nacho. Haikujua kinatufanyia nini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu usanifu wa mifumo ya kampuni. Wazo si geni. Mwaka 1987 John Zachman wa IBM alichapisha makala akieleza kwamba mifumo ya taarifa inahitaji michoro ya ngazi mbalimbali, kama vile jengo lina mchoro wa mwenye nyumba, wa msanifu na wa fundi. Baadaye Waholanzi wakabuni lugha ya kuchorea mambo haya, inayoitwa ArchiMate, na mwaka 2008 ikakabidhiwa shirika la The Open Group. Toleo la 3.0, la mwaka 2016, ndilo lililoongeza kipengele nilichokuwa nakitafuta bila kukijua jina: uwezo.

Uwezo ni nini? Ni jambo ambalo kampuni inaweza kulifanya, bila kujali inalifanya kwa chombo gani. Nilijitungia kipimo rahisi. Fikiria waanzilishi wa kampuni, enzi za daftari na kalamu. Je, jambo hili walilifanya? Kupokea malipo, walipokea. Kujua stoo ina nini, walijua. Kumkopesha mwenye duka na kumkumbusha deni, walifanya sana. Huo ndio uwezo. M-Pesa, seva na programu ni vyombo vilivyokuja baadaye, na vyombo hubadilika. Kwa hiyo ramani huanzia juu, kwenye uwezo, halafu unauliza ukishuka: huu unatimizwa na nini? Na hicho nacho kinakaa juu ya nini? Na nani anakielewa?

Ziko programu za kazi hii za kulipia, zikiwemo LeanIX ya Ujerumani, ambayo SAP iliinunua mwaka 2023. Bajeti yangu ilikuwa sufuri, kwa hiyo nilitumia Archi, programu huria na ya bure iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Bolton, Uingereza. Uzuri wake ni kwamba si karatasi ya kuchorea tu. Kila kitu unakiandika mara moja, kisha unakiweka kwenye michoro mingi upendavyo. Ukibadilisha jina sehemu moja, linabadilika kote. Ukibofya kitu, unaona vyote vinavyokitegemea. Tena unaweza kukiongezea sifa zako mwenyewe: mwenye dhamana, tarehe ya kukaguliwa, chochote.

Nilitengeneza visanduku 38. Kile cha "Kulinganisha malipo na ankara" nilikifuata kwa mishale hadi chini, na chini kabisa palikuwa na kompyuta ya stoo. Nilipoiona pale, peke yake, imebeba mapato ya kampuni nzima, nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Ramani ilianza kusema mambo mengine. Majina na nambari za simu za wateja tulikuwa tumeziweka kwenye mifumo mitatu tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu tugundue kwamba data imevuja na kuna hatari ya madhara. Saa 72 ni chache sana kama hata hujui data yenyewe inakaa wapi. Pia tulikuwa na seva inayotumia Windows Server 2012 R2, ambayo msaada wake wa muda ulioongezwa ulikoma tarehe 10 Oktoba 2023. Wote idarani tulijua seva ile ni nzee. Hakuna aliyejua kwamba uwezo nne unasimama juu yake.

Lakini mishale mingi ilikuwa na mwisho mmoja: yule fundi mkongwe. Bila yeye singefika popote, na yeye hakutaka.

"Unataka unitoe ubongo uuweke kwenye faili," aliniambia siku ya kwanza. "Ukimaliza, mimi nitabaki kufanya nini hapa?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia Ijumaa ile isirudi tena. Akanyamaza, akasema twende tukanywe chai. Basi ikawa ndiyo desturi yetu: kila alasiri kibandani nje ya geti, chai na mandazi, mimi na karatasi, yeye akisimulia. Ile skripti aliiandika mwaka 2018, Jumamosi na Jumapili moja, mfumo wa uhasibu ulipobadilishwa. Aliambiwa ni ya muda tu, mpaka mwisho wa mwezi. "Hiyo ya muda ndiyo hudumu," alisema, na kuchovya andazi. Alinieleza pia kwa nini iliwekwa stoo: wakati ule ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na umeme wa akiba. Kila kitu nilichokiona kuwa cha kipuuzi kilikuwa na sababu, na sababu zote alikuwa nazo yeye.

Siku ya kuwasilisha ilifika. Niliirusha ramani ukutani mbele ya wakuu. Kwenye kila kisanduku nilikuwa nimeweka sifa moja niliyojivunia sana: "Hatari: mtu mmoja", pamoja na jina la mtu huyo, na rangi nyekundu. Visanduku vyekundu vilikuwa 11. Jina lilikuwa lile lile mara 11.

Meneja wa fedha aliangalia ukuta kwa muda. "Kwa hiyo hatari yetu kubwa ni mzee huyu," alisema. "Na amebakiza miaka miwili astaafu. Kwa vile sasa kila kitu kimeandikwa, hatuwezi kumwachilia mapema?"

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Hakusema kitu. Aliinua kikombe chake, akakuta hakina chai, akakirudisha mezani.

Wasomaji, sijawahi kuona aibu kama ile. Mimi ndiye niliyeandika jina lile karibu na neno hatari. Mimi ndiye niliyelipaka nyekundu. Meneja alikuwa amesoma tu kilichoandikwa.

Nilisimama, sauti ikitetemeka, nikafungua kisanduku cha kulinganisha malipo. Nikawaambia: hapa pameandikwa skripti iko wapi na inategemea nini. Hapajaandikwa la kufanya mwenye duka akiandika nambari ya akaunti kimakosa, na hilo hutokea kila siku, na kila siku mzee huyu hulitatua kwa kumjua mteja kwa jina la duka lake. Ramani inaonyesha njia, haitembei. Kisanduku ni chekundu kwa sababu kampuni iliweka mtu mmoja mahali pa wawili. Kosa la kukichora vibaya ni langu.

Mkurugenzi alisema tulifikirie. Usiku ule nilifungua Archi na kuifuta sifa ile kwenye visanduku vyote. Mahali pake niliweka mbili: "Wanaoweza" na "Wanaohitajika". Kulinganisha malipo: 1, 2. Kutunza seva: 1, 2. Jina la mzee nililiweka kwenye sifa ya tatu niliyoiita "Mwalimu". Rangi haikubadilika. Ila sasa ukiisoma, unasoma pengo, husomi mtu.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Ila mpango wa kumwachilia mapema haukutajwa tena, na kila kisanduku chekundu kilipewa mwanafunzi. Mimi nilipata vitano. Skripti ilihamishwa kwenye seva inayotutumia ujumbe ikikwama, na ile kompyuta ya stoo tukaizima kwa heshima zote, karatasi yake nikaibandika kwenye meza yangu. Leo, miezi saba baadaye, vyekundu vimebaki vinne.

Kwa yeyote anayetaka kujaribu kazi hii kwake, nina machache. Usianze na kampuni nzima. Anza na uwezo mmoja uliowahi kukuumiza, ufuate hadi kwenye waya. Kila kisanduku kiwe na tarehe ya kukaguliwa, maana ramani ya mwaka jana hudanganya kwa ujasiri. Na kabla hujaandika jina la mtu, jiulize atakayesoma ni nani, na atalifanyia nini.

Mwezi uliopita mzee alichukua likizo ya wiki tatu mfululizo, ya kwanza tangu mwaka 2019. Siku zote likizo yake ilikuwa ya kubeba simu shambani. Safari hii tulikubaliana hatumpigii.

Siku ya nne simu yangu ililia. Alikuwa yeye, na upepo ulikuwa unavuma nyuma ya sauti yake. Nadhani alikuwa amepanda kilima.

"Kijana wangu, mbona hamnipigii? Mmeharibu nini?"

Nikamwambia hatujaharibu kitu, malori yanatoka. Akanyamaza kidogo.

"Haya basi," akasema. "Wacha nirudi kwa mahindi."