Kufiwa na Baba Aliye Hai

Mashujaa wa katuni za Kimarekani wengi wao ni yatima. Superman, aliyetoka mwaka 1938, alipoteza wazazi pamoja na sayari yote ya Krypton. Batman wa mwaka 1939 aliwaona baba na mama yake wakipigwa risasi kichochoroni. Spider-Man wa mwaka 1962 alimzika ami yake, Ben, aliyemlea. T'Challa wa Wakanda alishika ufalme baada ya baba yake, T'Chaka, kuuawa. Wote hao wameingia kwenye ushujaa kupitia mlango wa msiba, na msomaji anawaelewa upesi, maana kila mmoja ana siku anayoweza kuitaja akasema: siku ile ndiyo niliyofiwa.

Mark Grayson hana siku hiyo. Baba yake hakufa. Alimpiga mpaka akabaki nusu mfu, akalia, akaondoka.

Mark ndiye kijana wa Invincible, kisa kilichoandikwa na Robert Kirkman na kuchorwa kwanza na Cory Walker, kisha kwa miaka mingi na Ryan Ottley. Toleo la kwanza lilitoka Januari 2003, la mwisho, ambalo ni la 144, Februari 2018. Tangu Machi 2021 kinaonyeshwa pia kama tamthilia ya katuni kupitia Prime Video, na wengi wetu tulikijulia huko. Nimekisoma na kukitazama, na kila nikirudi kwake nakuta kwamba ngumi na damu, ambazo ni nyingi mno, si ndizo zinazonibakia. Kinachonibakia ni huzuni ya kijana anayetembea na mwili wa mtu aliyemtupa.

Baba yake anaitwa Nolan. Dunia inamjua kwa jina la Omni-Man, shujaa anayeogopwa na waovu wote. Mama yake, Debbie, ni dalali wa nyumba, binadamu wa kawaida asiye na nguvu yoyote ya ajabu. Nolan alitoka Viltrum, sayari ya watu wanaoruka bila mabawa, wanaoishi maelfu ya miaka, na ambao kila wakizidi kuishi na kupigana ndivyo wanavyozidi kuwa wagumu. Mtoto wao hazaliwi na nguvu hizo tayari. Zinamfikia ujanani, kama ndevu na sauti nzito zinavyomfikia mvulana. Kwa hiyo Mark alikaa miaka akisubiri, hajui kama zitakuja au kama damu ya mama imezizuia.

Zilikuja akiwa kibaruani kwenye mgahawa wa baga. Alirusha mfuko wa takataka, mfuko ukapaa angani ukapotea. Napenda sana furaha yake hapo. Wakati huo hajafikiria kuokoa mtu. Anafurahi kwa sababu amefanana na baba. Hata jina lake la kazi alilipata kwa njia ya kitoto kabisa: mwalimu mkuu alimgombeza akimwambia kwamba yeye si mtu asiyeshindika, naye akalitwaa neno la onyo akalifanya jina. Baba akaanza kumfundisha. Katika mazoezi ya mwanzo alimpiga kwa nguvu kupita kiasi, na Mark alishangaa zaidi kuliko alivyoumia. Ukirudia kutazama baada ya kuujua mwisho, mshangao ule unakuuma, kwani ndiyo mara ya kwanza kijana kuona kitu asichokitambua machoni mwa mzazi.

Ukweli ni kwamba Nolan alitumwa. Watu wake walikuwa wameangamizwa na tauni, wakabaki wachache, nao walihitaji dunia iwe koloni lao. Aliwaua kwa mikono yake mashujaa wenzake walioilinda dunia. Mwishoni mwa msimu wa kwanza anamweleza mwanawe alichotumwa kukifanya, na anamzungumzia Debbie kama mtu anavyozungumzia mnyama anayefugwa nyumbani. Debbie yuko mbele ya skrini, anasikia. Kisha Mark anapokataa kuungana naye, Nolan anampiga kutoka mji hadi mlima. Anamshika mbele ya treni inayokuja, ili mwili wa kijana uwe ndio unaoipasua pamoja na abiria wake. Sijaona katika katuni yoyote namna chungu zaidi ya mzazi kumfundisha mtoto matumizi ya urithi wake.

Juu ya mlima, kwenye theluji, Nolan anamuuliza atakuwa amebaki na nini baada ya miaka 500, wakati kila anayempenda duniani atakuwa ameoza. Mark hawezi hata kufumbua macho vizuri. Anajibu kwamba atakuwa bado na yeye, baba yake. Nolan ameinua ngumi, lakini anamkumbuka Mark alipokuwa mtoto mdogo uwanjani akicheza besiboli. Ngumi haishuki. Machozi yanamtoka, anapaa, anaiacha dunia.

Msiba unaanzia hapo, na ni msiba usio na matanga.

Kwetu mtu akifa, watu wanajua la kufanya. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, majirani wanaleta unga na sukari, vijana wanakesha nje. Mfiwa anaruhusiwa asipike, asioge, asijibu anapoulizwa. Ikifika siku ya kuanua matanga, jamaa wanakaa kikao, madeni yanatajwa, watoto wanagawiwa wa kuwaangalia. Huzuni haiishi, lakini imepewa mahali pa kukaa. Mtoto ambaye baba yake ameondoka kwa miguu yake hapati lolote kati ya hayo. Hakuna anayebisha hodi kumpa pole, kwa sababu hakuna anayejua ampe pole ya nini. Watu wanashusha sauti akipita. Na yeye mwenyewe hajui kama ana haki ya kulia, maana anayemlilia anapumua mahali fulani na angeweza kurudi kama angetaka.

Waandishi wa Invincible wamelielewa jambo hili kwa kina ambacho sikukitarajia katika hadithi ya watu wanaoruka. Katika msimu wa pili Debbie anakwenda kwenye kikundi cha wake na waume wa mashujaa, watu wanaokutana kuliwazana. Anakaa, anajaribu kusema uchungu wake. Kumbe ndani ya chumba yumo mume wa mmoja wa wale mashujaa ambao Nolan aliwaua. Mtu yule amefiwa kweli, mkewe yuko kaburini, na aliyemwua ndiye mtu anayeliliwa na Debbie. Hawezi kuvumilia kukaa naye chumba kimoja. Mimi siwezi kumlaumu mtu yule. Wala siwezi kusema Debbie alikosea kwenda, kwani angekwenda wapi? Aliishi na mwanamume yule karibu miaka ishirini, akampikia, akampenda, akamzalia. Msiba wake hauna kiti popote, hata katika chumba kilichotengwa kwa ajili ya wafiwa.

Kwa Mark kuna jambo la ziada. Marehemu akizikwa, warithi wanagawana alivyoacha, na asiyetaka fungu lake anaweza kuliacha. Fungu la Mark haliachiki. Kila akiruka, anaruka kwa damu ya Nolan. Akimwokoa mtoto kwenye moto, mkono unaomwokoa ni wa aina ileile iliyovunja mafuvu ya mashujaa. Watu wanaomwona angani wanaingiwa na hofu kabla ya shukrani, na ni haki yao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watasema, na kisa chenyewe kinaupa usemi huo ushahidi mzito: Angstrom Levy, adui yake aliyezipitia dunia nyingi sambamba na hii, ameona kwamba karibu kila mahali Mark aliungana na baba yake. Huyu wetu ni mmoja wa wachache waliokataa.

Wako wanaokisoma kisa hiki kama safari ya kijana anayezidi kupata nguvu mpaka amshinde kila adui. Nguvu zake zinakua, ni kweli. Lakini hizo zinakua zenyewe, kwa umri na kwa vipigo, hazimhitaji awe mwema. Tabia ndiyo inayokimbizana nazo, na mara nyingi inaachwa nyuma. Levy anapomteka Debbie na mtoto mchanga anayelelewa nyumbani kwao, ambaye nitamfikia, na kumvunja Debbie mkono, Mark anapoteza fahamu ya nafsi yake. Anampiga Levy hadi anaamini amemwua. Kisha anabaki peke yake jangwani, katika dunia nyingine, analia akitazama mikono yake. Kwangu mimi huo ndio wakati mkubwa kuliko ushindi wake wote, kwa sababu baba yake aliwaua watu wengi na hakuitazama mikono yake namna hiyo.

Nilikua na rafiki ambaye baba yake, fundi seremala, alikwenda Muscat kutafuta maisha, akaoa huko, asirudi. Hakukuwa na ugomvi, hakukuwa na talaka iliyosikika mtaani. Barua zilipungua, kisha zikakoma. Rafiki yangu alishika randa na msumeno alioacha mzee, na alipoanza kutengeneza milango watu walimsifu kwamba ana mkono wa baba yake. Walimsifu kwa wema, wakidhani wanampa zawadi. Yeye alikuwa akiinama zaidi juu ya ubao, hajibu kitu. Hakuuacha ufundi. Milango yake ingali mizuri. Lakini sikuwahi kumsikia akisema nani alimfundisha, na sisi wenzake hatukuwahi kumwuliza hali yake juu ya jambo lile, hata siku moja. Tulidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Ukiuliza kwa nini Mark huyu hakufuata njia ya wenzake wa dunia nyingine, kisa hakitoi jibu la moja kwa moja. Jibu langu ni Debbie. Wahenga waliosema mwana hutazama kisogo cha nina walimwona mtoto aliyebebwa mgongoni, asiyeona uso wa mamaye lakini anamfuata kila anakokwenda. Mark alikuwa akimtazama baba angani, huku akibebwa na mama ardhini. Mama huyo hakumfundisha kupigana. Alimfundisha kukaa mezani, kusema kweli, kurudi nyumbani kwa wakati, kumhesabu mwingine kuwa mtu. Mambo hayo hayaonekani mpaka siku ile mlimani, Nolan alipohoji thamani ya viumbe wanaokufa upesi, naye akakuta mtoto wake amekwisha kujibu miaka mingi nyuma.

Tena Debbie alifanya jambo ambalo sidhani ningeliweza. Nolan, huko alikokimbilia, sayari ya Thraxa ambayo watu wake wanaishi miezi michache tu, alipata mtoto na mwanamke mwingine, Andressa. Mark alirudi na mtoto huyo mikononi, Oliver, ngozi yake ya zambarau. Debbie alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango. Alimpokea, akamlea. Nguvu zilezile za Viltrum zingekuja kuchipuka kwa Oliver pia, na Debbie alijua. Alimlea akijua.

Nolan naye alibadilika, polepole na kwa kuchelewa. Miongoni mwa watu wa Thraxa, ambao wanazaliwa na kuzeeka kabla mwaka haujaisha, alianza kuelewa kwamba uhai mfupi si uhai mdogo. Baadaye akiwa gerezani, mateka wa watu wake mwenyewe, anakiri kwamba anamkumbuka mkewe. Mtazamaji anaweza kumhurumia hapo, nami nilimhurumia, bila kusahau treni. Toba yake ni ya kweli na abiria wale wamekufa. Mambo haya mawili hayafutani, na nawashukuru waandishi kwamba hawakujaribu kuyafuta.

Katika vitabu, ambavyo vimekwenda mbali kuliko tamthilia, Nolan na Debbie wanarudiana. Mwishowe Nolan anauawa na Thragg, mtawala katili wa Viltrum, akipigana upande wa mwanawe. Kwa hiyo Mark anampoteza baba mara mbili, na ule msiba wa pili, ambao una mwili wa kuaga, ni mwepesi kuliko wa kwanza. Najua ni neno gumu kusema kifo ni chepesi. Lakini safari hii analia bila aibu, wenzake wanalia naye, hakuna anayehoji kama ana haki. Anarithi hata kiti cha enzi cha Viltrum, na ufalme ulioishi kwa kuteka sayari za watu anautumia kuleta amani.

Msomaji, bila shaka mtaani kwako yupo mtoto ambaye baba yake yu hai na hayupo. Labda ameanza kufanana naye, kwa mwendo, kwa sauti, kwa ufundi wa mikono. Usimwambie kwanza kwamba ni baba mtupu. Nenda nyumbani kwao jioni moja, ubishe hodi, umpe pole yeye na mama yake kama ambavyo ungefanya turubai lingekuwa limefungwa mlangoni.