Kutorudisha na Kuzuia Kurudi

Kila lugha ina mlango wake, na mgeni hana budi kuingia kwa desturi ya wenyeji. Nilipokuwa nikijifunza Kijapani, mlango ulionishughulisha zaidi ni ule wa vitenzi vya kutendesha vinapokanushwa.

Kwetu Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau katika Taita Taveta, tunaposema Kiswahili hatulifikirii jambo hili. Mbuzi hunywa, mchungaji humnywesha, maji yakikosekana, hamnyweshi. Alama ya kukanusha hutangulia, na irabu ya mwisho hugeuka kuwa i. Mjapani, kinyume chetu, hupanga viungo vyote nyuma ya shina, kama mabehewa yafuatavyo garimoshi pale Voi. Kunywa ni nomu, kunywesha, nomaseru, kutonywesha, nomasenai. Kula ni taberu, kulisha, tabesaseru, kutolisha, tabesasenai. Mwanafunzi mwenye bidii huyashika maumbo haya kwa muda mfupi.

Kazi iko katika maana. Kiungo hiki cha Kijapani huchukua mambo mawili: kumlazimisha mtu na kumruhusu. Kikikanushwa, aghalabu husikika lile la pili, hata nomasenai ikawa ni kusema, “Simwachi anywe.” Lakini mchungaji wetu asemaye, “Simnyweshi,” huenda hampi maji tu, na mbuzi akajiendea bwawani mwenyewe. Akitaka kusema zaidi ya hayo, yampasa kuongeza neno: “Ninamzuia asinywe.”

Je, tofauti hii ni ndogo? Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawapeleka Malindi. Watu hao hawakuhama, walihamishwa. Wengi walikufa ugenini, na ilipita miaka mingi kabla ya waliosalia kuuona tena mlima wao. Mwandishi akiandika, “Serikali haikuwarudisha,” msomaji aweza kudhani kwamba njia ilikuwa wazi, ila msaada wa safari ulikosekana. Akiandika, “Serikali iliwazuia wasirudi,” mzuiaji hujulikana. Kijapani hutumia neno moja, kaerasenakatta, litokalo katika kaeru, yaani kurudi nyumbani. Na kwa kawaida alisikiaye huelewa kwamba hawakuachwa warudi.

Sisemi kwamba lugha ya Wajapani ni bora kuliko yetu. Kiswahili chaweza kuyasema yote mawili, bali humtaka msemaji achague. Asiyemsaidia mwenzake kufika nyumbani ana lawama yake; aliyesimama njiani ili asifike ana lawama nyingine, iliyo nzito zaidi. Basi, kijana, ushikapo kalamu kueleza yaliyowapata watu, jiulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, kisha uchague kitenzi chako kwa haki.